Siku Mtani Alipotaja Jina

Katika urafiki wote wa mumewe na Clésio, Zubeida alikuwa na neno moja tu lililomkera, na neno lenyewe lilikuwa mtumwa.

Clésio alikuwa Mmakonde wa Mueda, kule juu kwenye uwanda. Tarique, mume wa Zubeida, alizaliwa Palma, pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, lakini baba yake alikuwa Mmakua, na Wamakua na Wamakonde ni watani. Mtani haombi ruhusa. Anaingia nyumbani mwako, anafunua chungu, anachagua mnofu, anakaa kwenye kiti chako na kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, nawe huna la kufanya ila kumrudishia la kwako lenye chumvi zaidi. Ukinuna umeshindwa. Wawili hawa walifanya kazi katika jiko moja ndani ya uzio wa mradi wa gesi wa Afungi, wakiwapikia watu wa ujenzi, Tarique kwenye nyama na Clésio kwenye masufuria makubwa, na walitaniana tangu wanavaa aproni mpaka wanapanda basi la kurudi nyumbani.

"Mtumwa wangu, lete kisu."

"Chukua mwenyewe, mla panya."

Zubeida alikuwa mtu wa Quionga. Kwao watu walitaniana na mashemeji, basi, na hata huko mpaka ulikuwapo. Alikuwa fundi wa cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache, na mambo aliyataka yakae kama mishono yake, kila moja mahali pake. Yeye na mumewe walikimbia Palma wakati wa vita, wakalala porini upande wa Nhica do Rovuma na mtoto wao Chamima mgongoni, bila hata sufuria. Huko walishushwa vya kutosha. Waliporudi na kuezeka nyumba upya, alijiapiza moyoni kwamba mumewe hatashushwa tena na mtu, hata kwa mzaha.

Ndiyo maana asubuhi ya Siku ya Familia, ile tarehe ya Krismasi ambayo kwao wote ni sikukuu, Mwislamu na Mkristo, alimwambia wakati wakijiandaa kwenda pwani:

"Baba Chamima, leo nakuomba kitu. Mwambie rafiki yako akuite kwa jina lako."

Tarique alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. "Jina langu analijua."

"Mimi sijamsikia akilitaja."

"Na Mungu akipenda hutamsikia," alisema Tarique, akakaza fundo.

Zubeida hakulitilia maanani jibu hilo, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshuka kwenye viatu. Vilikuwa mabuti ya kazini, yale mazito yenye chuma cha kukinga vidole, ambayo kila anayeingia ndani ya uzio hupewa.

"Unaenda nayo baharini hayo?"

"Miguu yangu siku hizi imezoea sakafu ya jiko, Mama Chamima. Mwamba utaichana."

"Mtoto wa pwani!"

"Mtoto wa pwani mwenye likizo," alisema, akacheka, akambusu mtoto aliyekuwa anabaki kwa bibi yake, wakatoka.

Mussagy, jirani yao, fundi wa magari asiye na mke wala haraka, alikuwa amekuja na pikapu yake. Nyuma walikwisha kukaa Clésio na mkewe Luísa, mwalimu wa shule ya msingi, mnene wa sauti na mwepesi wa kucheka, wamezungukwa na sufuria, gunia la mkaa, nanasi na sanduku la barafu lenye bia upande mmoja na soda upande mwingine, katikati wameweka mfuko wa plastiki ili vinywaji, kama alivyosema Clésio, visisilimishane.

"Karibu, Mama Chamima! Na wewe, mtumwa wangu, panda. Shika sufuria. Ndiyo kazi uliyonunuliwa."

"Nilinunuliwa kwa bei gani?"

"Babu yangu alitoa kapu la mihogo. Nusu ilikuwa imeoza, na bado alisema kapunjwa."

Luísa akacheka mpaka akashika kifua. Mussagy akapiga honi. Zubeida akakaa mbele, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi waliwashusha, wakawataka vitambulisho, wakakitazama kile cha Tarique kwa muda mrefu, wakazitazama ndevu zake, wakakitazama tena. Zubeida alihesabu pumzi. Kisha wakawaambia wapite, lakini wawe wamerudi kabla jua halijalala. Mwendo uliobaki hakuna aliyetania, na Zubeida alifikiri: kumbe mnaweza.

Ufuko waliokwenda watu wa Palma wanauita Mchanga Mkuu. Mwezi ulikuwa mchanga, wakati wa bamvua, na siku za bamvua bahari ya huko hutoka kama mtu aliyegombana na wenyeji. Maji yanakupwa mpaka unaona matandiko ya bahari, majani yaliyolala, mashimo, vidimbwi vinavyong'aa kama vioo vilivyotupwa. Mbali kule, ng'ambo ya mlango mmoja wa maji, mwamba uitwao Kipwa ulikuwa umeibuka wote, mweusi, umelowa, unatoa mvuke juani.

Zubeida aliufahamu. Mama yake alimfundisha kuuchokoa pweza wake tangu hajaanza kujifunga kanga, na alimfundisha pia namna ya kuuaga. "Ukiona maji ya mlangoni yamenyamaza," mama alikuwa akisema, "usimalize shimo ulilonalo. Ondoka." Maji yanayokupwa hupiga kelele kidogo mlangoni. Yanyamazapo, yanageuka.

Walikuwa bado wanatandika mikeka wakati Clésio aliposhuka hadi kwenye kidimbwi kikubwa, na mara wakasikia mayowe.

"Papa! Papa! Amenila mguu!"

Luísa aliangusha kikombe. Zubeida alikimbia, kanga imemfunguka, na alipofika akamkuta Clésio amekaa kwenye maji ya magotini, mguu mmoja kaufukia mchangani, anamwangalia kwa uso wa mfiwa.

"Umebaki huu tu, shemeji," alisema. "Nao ni wa kushoto."

Walicheka wote. Mussagy alicheka mpaka akalala chini. Tarique ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema papa mwenye akili hawezi kula Mmakonde, atakufa kwa kiu, maana watu wa uwandani kwao maji wanapimiana kwa kikombe. Zubeida alisimama na mkono kifuani, akingoja mapigo yatulie. Hayakutulia. Yaligeuka hasira.

Wakati wa chai alilisema. Alilisema kwa sauti ya chini, akimwaga chai, bila kuinua uso.

"Shemeji Clésio, mume wangu ana jina."

Mkate wa kumimina uliokuwa unaelekea kinywani mwa Clésio ulisimama hewani. Akamtazama Tarique. Tarique akaitazama chai yake.

"Jina lake ninalo, Mama Chamima," alisema Clésio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na mchezo usoni mwake. "Nimemwekea."

"Umemwekea wa nini? Mtu akiitwa kwa jina lake anapungukiwa nini?"

"Eh, dada," aliingilia Luísa akitaka kuyapoza, "na wewe mwenyewe mbona humwiti? Baba Chamima, Baba Chamima! Tangu nikujue sijasikia Tarique ikitoka kinywani mwako."

"Mimi ni mke wake. Hiyo ni heshima."

"Basi na mimi ni mtani wake," alisema Clésio.

Zubeida aliendelea kumwaga chai. Na bila kujua kwa nini, alimkumbuka baba mkwe, siku walipomzika. Baba yake Clésio, mzee mfupi mwenye chale usoni, alishuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali mle ndani, akasema hatoki, kaburi ni zuri, lina ubaridi, mtumwa wake atafute jingine. Wafiwa walikuwa wakilia huku wakicheka. Mtu mmoja akamtupia kuku, mwingine noti, mpaka akakubali kutoka. Akajikung'uta mchanga, akasimama upande wa kichwa, akalitaja jina la marehemu, polepole, "Assane." Mara moja tu. Na wale waliokuwa wanacheka wakaangua kilio. Zubeida siku ile aliona ni mzee asiye na adabu, basi.

Tarique alisimama. "Tutapata pweza wa kuchoma au tutakula maneno? Mama Chamima, twende utuonyeshe mashimo. Hakuna anayeyajua kama wewe."

Alisema kwa upole, akimnyoshea mkono. Alikuwa anaomba suluhu, na Zubeida alijua. Angeweza kuupokea mkono ule.

"Nenda na bwana wako," alisema. "Mtumwa mke wake humwacha mekoni."

Tarique aliurudisha mkono. Akachukua chuma cha kuchokolea pweza, akaondoka na mabuti yake, na Clésio nyuma yake amebeba ndoo. Zubeida aliwaona wakishuka, wakivuka mlango, maji yakiwafika mapajani, wakiwa watu wawili, kisha vijiti viwili, kisha madoa mawili juu ya Kipwa.

Aliosha mchele. Alikuna nazi. Luísa alimsimulia habari za walimu wenzake, na alizijibu palipotakiwa jibu. Mussagy alijilaza chini ya pikapu, kofia usoni. Jua lilipanda likasimama. Mkaa ulikuwa haushiki vizuri, akaupepea, akaupepea tena, na hapo, katikati ya kupepea, alihisi kuna kitu kimekosekana. Ilimchukua muda kujua ni kitu gani.

Ilikuwa kelele ya mlangoni.

Akasimama. Maji yalikuwa yamelala kimya, yamejaa mwanga, na vidimbwi vilivyokuwa mbalimbali vilikuwa vimeanza kushikana mikono.

"Wanakawia," alisema.

"Wanaume," alisema Luísa. "Wakikosa pweza wanaona aibu kurudi."

Akakaa. Akaonja chumvi. Akasimama tena. Jiwe moja la mlangoni, lenye umbo la nundu, lilikuwapo alipoosha mchele, sasa halikuwapo. Aliangalia Kipwa, akakuta kimepungua upana, na juu yake aliona doa moja. Alikinga macho. Doa moja, halisogei. Akatafuta la pili kila mahali, akaliona mlangoni, ndani ya maji, mikono imeinuliwa, likienda mrama kama mtu aliyebeba mzigo usioonekana. Maji yalikuwa kifuani mwa mtu yule. Yakamfika shingoni. Yakashuka tena kifuani. Akatokea upande huku, akaanguka, akainuka, akakimbia.

Alikuwa Clésio. Alikuja mikono mitupu, bila ndoo, suruali imemganda mapajani, mdomo wazi. Na meno yake, kwa kuwa yalikuwa yanagongana, yalionekana yote, kama mtu anayecheka.

"Haya, huyo anakuja," alisema Luísa. "Leo mara ya pili. Papa amekula na ndoo?"

"Mwambie papa anisubiri nimalize usingizi," alisema Mussagy kutoka chini ya gari, bila kuondoa kofia.

Clésio alifika akasimama mbele ya mkeka. Alijaribu kusema, ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena.

"Tarique," alisema. "Tarique amenaswa."

Luísa akapiga makofi. "Umesikia, dada? Amekusikiliza! Anamwita jina! Haya, na adabu hiyo ikae mpaka Palma."

"Mguu," alisema Clésio. "Kule. Nimevuta, nimevuta. Tarique..."

"Ongeza na bwana mbele," alisema Luísa akicheka. "Bwana Tarique."

Zubeida hakusikia yaliyofuata. Alilisikia jina. Liliingia sikioni, likapita, likashuka mpaka likakuta lile jingine lililokuwa limelala huko chini tangu siku ya maziko, Assane, lililosemwa mara moja upande wa kichwa, na akaelewa jina la mtani huwekewa siku gani. Alielewa jibu la mumewe asubuhi, fundo linakazwa, na Mungu akipenda hutamsikia. Baridi ilimshika kuanzia unyayoni, juani pale, mchana ule.

"Si mzaha," alisema.

"Dada, wewe huyajui ya huyu..."

"Luísa, nyamaza! Amemtaja jina." Alikwisha kukipata kisu cha nanasi. "Amenaswa na nini, shemeji? Sema."

"Buti. Limeingia kwenye ufa, limejipinda, chuma hakikubali kurudi. Fundo limevimba kwa maji, halifunguki, na sikuwa na kisu. Maji yalikuwa hapa." Alijigusa kitovuni. "Akaniambia nenda. Sikutaka. Akanitukana mama yangu, ndipo nikaenda."

"Mussagy!"

Mussagy alikuwa amesimama tayari, kofia chini. Hakusubiri kuambiwa. Nyuma ya ncha ya ufuko kulikuwa na dago, kambi ya wavuvi, na huko kungekuwa na mtumbwi. Aliwasha pikapu, magurudumu yakachimba mchanga, yakateleza, yakashika.

Zubeida alijikaza kanga, akakiviringisha kisu ndani ya pindo la ile ya pili, akajifunga nayo kiunoni. Clésio alikuwa anamfuata.

"Kaa, shemeji. Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi kaa. Sitaki kutafuta wawili."

Akaingia. Mlango haukuwa tena wa kuvukwa kwa miguu. Tangu vita alikuwa hajaogelea. Bahari alikuwa akiipa mgongo, akiipitia mbali, kwa sababu siku ile walipokimbia aliyaona majini mambo ambayo hakumsimulia mtu. Sasa maji yalimpokea kama hayakuwa na habari naye. Yalimvuta upande, akayaachia yamvute, akaogelea kimshazari kama alivyofundishwa, asishindane nayo, ayaibe tu kidogo kidogo. Alimeza chumvi. Kichwani mwake kulikuwa na maneno yale yale yanayojirudia, na hayakuwa dua, ingawa aliitafuta dua. Yalikuwa: nenda na bwana wako.

Ya Rabi, yasiwe hayo niliyomwambia mwisho.

Kipwa kilikuwa kimezama chote. Alijua amekifika kwa sababu magoti yaligonga mwamba. Aliinuka, maji yakamfika kifuani, akamwona. Alikuwa mbele yake, upande wa bondeni wa mwamba, kichwa tu juu ya maji, amekirudisha nyuma, kidevu kimeelekea mbinguni, na kila wimbi dogo lilipopita kichwa kilitoweka, kikarudi kinatema.

Wimbi likapita. Kichwa hakikurudi upesi.

"Tarique!"

Lilimtoka lenyewe. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kulitamka mbele yake.

Kichwa kikarudi. Kikakohoa. Macho yake mekundu yakamtafuta, yakampata.

"Usiniite hivyo," alisema, meno yakigongana. "Bado nipo."

Zubeida alichomoa kisu, akavuta pumzi, akazama. Chini maji yalikuwa ya kijani na mchanga ulikuwa unatembea. Alishika goti, akalifuata kwa mkono mpaka kifundo, mpaka buti. Lilikuwa limeingia ubavu ndani ya ufa, limekaa kama jino ndani ya taya. Alitafuta kamba kwa vidole, akaitia kisu, wimbi likamsukuma, kisu kikateleza kikaingia nyamani. Mguu ulishtuka. Moshi mwekundu ukamjia usoni. Alipanda juu.

"Nimekukata."

"Kata tu," alisema, na maji yakamziba mdomo.

Alizama tena. Safari hii alijibana kwa magoti kwenye paja la mumewe ili maji yasimchukue, akapitisha ncha ya kisu chini ya kamba, kati ya ngozi na ulimi wa buti, akageuza makali juu. Hivi ndivyo anavyofumua mshono uliokosewa, ncha ndani, makali juu, vuta kuja kwako. Uzi wa kwanza ukakatika. Wa pili. Masikio yalikuwa yanamvuma. Wa tatu ulikuwa umezama kwenye ngozi ya kiatu, akausaga, akausaga, kifua kikimwambia panda, naye akikiambia ngoja. Ukakatika. Alishika kisigino kwa mikono miwili, kisu kikaanguka hakukijali, akavuta, na mguu ukatoka mtupu, laini, kama mtoto anavyotoka.

Walipanda pamoja. Tarique hakuweza kukohoa wala kuongea. Zubeida alimshika kwapani, akamlaza chali juu ya maji, akasimama kwenye sehemu ya juu ya mwamba, sasa na yeye kidevu kikiwa majini, mlango mbele yao umepanuka na kuwa bahari. Asingeweza kumvusha. Alijua hivyo, na alijua pia kwamba asingemwachia. Wimbi likawainua, likawarudisha. Aliulizwa baadaye alikuwa anafikiri nini pale, akasema alikuwa anaushikilia mwamba kwa vidole vya miguu, basi, hakukuwa na nafasi ya kitu kingine.

Mtumbwi ulitokea upande wa ncha, wavuvi wawili wakipiga makasia kwa nguvu zote, na Mussagy katikati anayachota maji kwa kofia.

Ufukoni wali ulikuwa umeungua. Luísa alikuwa amepiga magoti pale pale alipoachwa, rozari mkononi, na alipomwona Tarique anashushwa akiwa anapumua alimkumbatia Zubeida kwa nguvu, akilia, akisema nisamehe, nisamehe dada, mimi nilicheka. Zubeida alimpapasa mgongo. Alirarua kanga, akafunga kidonda cha mguu, akakaza fundo, akalitazama, akalilegeza kidogo.

Clésio hakusogea karibu. Alikaa peke yake, mbali na mkeka, mikono katikati ya magoti. Tarique alimwita kwa kichwa, hakuja. Mwisho akaja taratibu, akasimama mbele yao kama mtu aliyeletwa barazani.

"Kaka Tarique," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nisamehe. Nilikuacha."

Tarique alifumba macho. Zubeida aliona jinsi lile jina lilivyompata mumewe, jinsi alivyozidi kupauka, akajisikia yeye mwenyewe baridi ile inarudi unyayoni. Jua lilikuwa linashuka na kizuizi kilikuwa kinawangoja, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema twende.

"Shemeji," alisema Zubeida. "Usimwite hivyo."

Clésio alimtazama. "Nimwiteje, Mama Chamima?"

"Unavyomwita."

"Ulinikataza."

"Nilikosea. Lirudishe ulikokuwa umeliweka." Alimfunika mumewe kanga mabegani. "Mwite, shemeji. Tafadhali. Mwite nisikie."

Clésio alimeza mate. Alifuta uso kwa kiganja, kutoka juu mpaka chini, na alipokiondoa kiganja uso haukuwa umetulia bado, lakini mdomo ulikuwa unajaribu.

"Mtumwa wangu," alisema.

Tarique alifumbua macho.

"Mtumwa wangu, umetupa buti la watu baharini. Utaenda kazini na mguu mmoja?"

"Nitakwenda na huu wa kushoto," alisema Tarique, polepole, kwa sauti iliyochubuka kwa chumvi. "Wa kulia si alikula papa wako? Mla panya we."

Zubeida aligeuka upande wa pili, akaanza kukwangua wali ulioungua kutoka kwenye sufuria, akakwangua kwa bidii, na machozi yalikuwa yakimdondokea humo ndani.